Prosesa ya gitaa katika chumba cha kupanga: spika ipi inafaa?

Swali la msomaji wa Ipagala, jijini Dodoma: "Ninapiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa letu, na jioni ninafanya mazoezi nyumbani, katika chumba cha kupanga chenye mita tatu kwa tatu. Natumia prosesa ya Boss GT-1, kifaa cha kuigiza amplifaya ya gitaa, ambacho nimekichomeka kwenye sabufa. Nikipiga sauti safi, besi inajaa hadi noti hazieleweki. Nikiweka distosheni, gitaa linalia kama nyuki. Nimejichanga laki nane. Rafiki mmoja ananishauri ninunue spika ya inchi 12 yenye wati 1,000, niitumie nyumbani na kanisani. Mwingine anasema spika za studio. Nimsikilize nani?"

Ndugu msomaji, msikilize wa pili. Kwa chumba chako na kwa kazi uliyoieleza, nunua spika za studio zenye wufa (spika ya sauti za chini na za kati) ya inchi tano na amplifaya yake ndani, uzikalie karibu, na fedha itakayobaki itumie kwa waya nzuri na mahali pazuri pa kuziweka. Hata hivyo, kabla hujatoa shilingi yoyote, kuna jambo moja ndani ya GT-1 yenyewe ambalo ningekuomba ulikague leo hii, kwa sababu huenda mlio wa nyuki unatoka huko na hakuna spika duniani itakayouponya.

Spika ya gitaa, ile ya inchi 12 iliyomo ndani ya amplifaya za kawaida za gitaa, si spika ya kusikilizia muziki. Kampuni kama Celestion ya Uingereza, na chapa ya Jensen iliyoanzia Marekani, huitengeneza bila twita, yaani kispika cha sauti za juu, nayo hupunguza sauti kwa kasi kuanzia takriban hezi 5,000 (mitetemo 5,000 kwa sekunde) kwenda juu. Upungufu huo ndio unaolipatia gitaa la umeme sauti tunayoipenda. Amplifaya iliyosukumwa hadi ikatoa distosheni huzalisha mikwaruzo mingi sana ya masafa ya juu, na ni spika hiyo isiyo na twita inayoikata mikwaruzo yote ikabaki sauti nene, yenye uzito. Ishara ile ile ukiinyakua kabla haijapita kwenye spika ya gitaa, ukaipeleka kwenye spika yenye twita, utasikia kila kilichopaswa kukatwa. Hao ndio nyuki wako.

Kwa sababu hiyo prosesa za leo haziigizi amplifaya peke yake. Huigiza pia spika, boksi lake, na hata maikrofoni iliyowekwa mbele ya boksi hilo, ambayo mara nyingi ni Shure SM57, maikrofoni iliyoko sokoni tangu mwaka 1965. Prosesa za bei ya juu zaidi hupokea hata mafaili ya IR, yaani rekodi fupi inayoonyesha namna spika fulani, ndani ya boksi fulani, mbele ya maikrofoni fulani, inavyoitikia sauti. GT-1 haipokei mafaili hayo kutoka nje, lakini ina uigizaji wake wa ndani, nao unatosha kabisa kwa mazoezi na kwa ibada. Sharti ni kwamba prosesa iambiwe imechomekwa wapi. Ingia kwenye mipangilio yake utafute mahali palipoandikwa OUTPUT SELECT. Ukikuta pamewekwa JC-120, COMBO AMP au STACK AMP, prosesa inaamini kwamba mbele yake kuna amplifaya halisi ya gitaa yenye spika ya gitaa, na inairekebisha sauti kwa imani hiyo. Chagua LINE/PHONES. Huo ndio mpangilio wa hedifoni, wa mikisa, na wa spika yoyote yenye twita.

Hukusema kama umewahi kuisikiliza prosesa yako kwa hedifoni, na kipimo hicho ni rahisi. Chomeka hedifoni, chagua pachi (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa) ileile ya distosheni, kisha upige. Kama nyuki wapo hata kwenye hedifoni, kosa liko kwenye mpangilio au kwenye pachi. Kama hedifoni zinatoa sauti nzuri na sabufa inatoa nyuki, basi kosa ni la sabufa, na hapo una haki ya kwenda dukani.

Sabufa naielezea kwa kirefu kidogo kwa sababu karibu kila mpigaji kijana ninayemfahamu alianzia hapo. Kifaa hiki kimeundwa ili wimbo uliokwisha kurekodiwa ujaze sebule kwa gharama ndogo, na kazi hiyo kinaimudu. Boksi kubwa la chini hupiga besi, na vispika vidogo viwili hupiga yaliyobaki. Mpaka kati yao, katika sabufa nyingi, uko mahali fulani kwenye hezi 150 hadi 200. Sasa tazama gitaa lako. Uzi mnene wa E ukiwa wazi una hezi 82, A ina 110, D ina 147, G ina 196, B ina 247, na E nyembamba ina takriban 330. Mpaka wa sabufa unapita katikati kabisa ya nyuzi zako. Nyuzi nene zinapigwa na boksi lililo chini ya meza, lenye tundu lililopangwa ili livume, na nyuzi nyembamba zinatoka kwenye vispika vilivyo juu ya kabati. Gitaa moja limekatwa vipande viwili vyenye tabia mbili tofauti, na hakuna ekolaiza inayoweza kuvishona. Ukipiga mstari wa seben unaoanzia kwenye D na kupanda, unasikia noti za mwanzo zimevimba na za juu zimekonda, nawe unadhani mkono wako hauko sawa.

Ikiwa sabufa hiyo umeiunganisha kwa bluetooth badala ya waya, iondoe leo. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 na zaidi. Katika muda huo sauti husafiri hewani takriban mita 34, kwa hiyo unapiga gitaa kana kwamba spika yako iko upande wa pili wa uwanja. Hakuna mpigaji anayeweza kujenga mwendo mzuri namna hiyo.

Sasa nije kwenye spika ya rafiki yako yenye wati 1,000. Namba hiyo isikutishe wala isikuvutie. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, inahitajika nyongeza ya takriban desibeli 10, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Hii ina maana kwamba, spika zikiwa zinalingana kwa mambo mengine, wati 500 ni mara mbili tu ya wati 50 masikioni mwako. Zaidi ya hapo, namba kubwa zinazoandikwa kwenye makatoni mara nyingi ni za kilele cha muda mfupi sana, na ukiona herufi PMPO usiihesabu kabisa, kwa kuwa hakuna kiwango rasmi kinachoeleza inapimwaje. Chumbani kwako utapiga kwa wati moja au mbili, na hata hapo jirani atakuwa amekwisha kujua wimbo unaojifunza.

Tatizo kubwa zaidi la spika hiyo ni umbali. Spika ya matamasha ya inchi 12 ina wufa chini na honi ya sauti za juu juu yake, na imeundwa ili sauti zake mbili ziungane mita kadhaa mbele, pale walipoketi watu. Ukiikalia kwa mita moja, honi inakuchoma masikio na wufa inavuma peke yake. Ukiipunguza sauti ili usiwasumbue wapangaji wenzako, unabaki kusikia mvumo wa amplifaya yake. Nisingeinyima sifa yake: mtu anayepiga kwenye sherehe za nje, mahali pasipo na vyombo vingine, anaihitaji spika ya namna hiyo, na zipo hata zilizoundwa mahususi kwa prosesa za gitaa, kama Headrush FRFR-108 au Powercab ya Line 6. Lakini kanisani kwenu, kama yalivyo makanisa mengi ya mjini, bila shaka kuna mikisa na spika tayari. Huko huhitaji kubeba spika. Unahitaji kutoa waya kwenye tundu la L/MONO la GT-1 kwenda kwenye DI boksi, kisanduku kinachoigeuza ishara iwe ya waya wa balansi, ule unaokinga kelele, na kutoka hapo kwenda kwenye mikisa. DI boksi usiiruke, kwa sababu matundu ya GT-1 si ya waya wa balansi, na waya mrefu wa kawaida unaopita madhabahuni hadi kwa fundi mitambo hukusanya kelele njiani.

Wapo watakaokushauri ununue boksi halisi la gitaa na amplifaya ndogo ya nguvu. Sauti yake ni tamu, na kifuani inagusa namna ambayo spika ya studio haiwezi. Ila utalazimika kuzima uigizaji wa spika ndani ya prosesa, usije ukawa na spika mbili zilizofuatana, nawe utakuwa umejifunga kwenye sauti ya spika moja ilhali ulinunua prosesa ili uwe na nyingi. Katika chumba cha mita tatu siipendekezi.

Spika ya studio ni kinyume cha zote hizo, kwa maana imeundwa ili isiongeze tabia yake. Prosesa imekwisha kukupa amplifaya, boksi na maikrofoni. Kilichobaki ni kitu cha kuyapitisha hayo bila kuyapamba. Chukua mfano wa Yamaha HS5, ambayo vipimo vyake nimevizoea: ina wufa ya inchi tano, twita ya inchi moja, na amplifaya mbili ndani, wati 45 kwa wufa na wati 25 kwa twita. Kwa vipimo vya mtengenezaji, inashuka hadi hezi 74 kabla haijapoteza desibeli tatu. Gitaa lako linaanzia hezi 82. Kwa hiyo kila noti uliyonayo iko ndani ya uwezo wake, na zote zinatoka mahali pamoja. HS8 ya inchi nane inashuka hadi hezi 47, ambazo wewe mpiga solo huna noti ya kuziweka huko. Anayezihitaji ni mpiga besi, ambaye E yake ya chini iko kwenye hezi 41. JBL 305P na KRK Rokit 5 ziko kwenye daraja hilohilo la inchi tano, na ukizipata kwa bei nzuri usisite. Kama laki nane hazitoshi jozi mpya, basi nunua moja iliyo nzuri na utumie tundu la L/MONO hadi utakapopata ya pili. Gitaa la solo halipotezi kitu kikubwa likiwa kwenye spika moja, isipokuwa upana wa korasi na dilei (madoido ya kutandaza sauti na kuirudia) za kulia na kushoto.

Ujiandae kwa jambo moja. Sauti utakayoipata itafanana na gitaa lililorekodiwa, si amplifaya iliyosimama pembeni yako. Baadhi ya wapigaji huvunjika moyo siku ya kwanza. Lakini sauti hiyo ya kurekodiwa ndiyo ileile itakayotoka kwenye spika za kanisa.

Chumba chenyewe kinastahili uangalifu kuliko chapa ya spika. Vyumba vyetu vingi vya kupanga hapa Dodoma vimejengwa kwa tofali za saruji, vikapigwa plasta, vikawekwa vigae sakafuni na jipsamu juu, na madirisha ya kioo. Kila upande wa chumba ni mgumu na unarudisha sauti. Tena chako ni mraba, na mraba ni miongoni mwa maumbo mabaya zaidi kwa besi. Mawimbi ya sauti yanayotosha kati ya kuta mbili zilizoachana mita tatu ni yale ya hezi 57, kisha 114, kisha 171, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, kuta zote nne zinayakuza masafa yaleyale kwa pamoja. Hezi 114 ziko katikati ya A ya wazi, yenye 110, na noti inayoifuata kwenye freti ya kwanza, yenye 116.5. Huenda noti hizo mbili zinakuvimbia kuliko jirani zake, kutegemea ulipoketi, na zingekuvimbia hata kwa spika ya bei gani.

Jaribu hivi. Weka sauti safi, bila korasi wala dilei, kisha piga noti mojamoja kuanzia E nene ya wazi, freti kwa freti, hadi ufike kwenye uzi wa D, kwa nguvu ileile ya mkono. Andika noti zinazopanda na zinazozama. Halafu sogeza kiti nusu mita mbele au nyuma, urudie. Utashangaa kuona orodha imebadilika ilhali hukugusa kitufe chochote. Kwa chumba cha mita tatu, epuka kukaa katikati kabisa na epuka kuegemea ukuta. Anza na kichwa kikiwa mita moja na robo hivi kutoka ukuta ulio mbele yako, spika mbili zikiwa zimeachana sentimita 80, kila moja ikiwa sentimita 80 kutoka sikioni, na twita zikiwa usawa wa masikio. Zisiguse ukuta, na hasa zisikae kwenye kona, kwa sababu ukuta mmoja mgumu unaweza kuongeza besi hadi desibeli sita, na kona inaongeza zaidi. Nafasi ikikosekana, geuza HS5 uangalie mgongoni: kuna swichi ya ROOM CONTROL inayopunguza desibeli mbili au nne chini ya hezi 500, nayo imewekwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Spika zisisimame moja kwa moja juu ya meza tupu. Kipande cha godoro gumu chini yake hupunguza mtetemo wa meza.

Kitanda chako ni rafiki mkubwa hapa, kwa kuwa godoro hunyonya sauti vizuri. Kiweke nyuma yako, ongeza pazia zito dirishani na zulia miguuni. Trei za mayai ukutani naomba uziache. Zinapunguza kidogo sauti za juu tu. Hazinyonyi besi, hazizuii sauti isitoke nje, na zinashika moto kwa urahisi. Kumbuka pia kwamba katika nyumba nyingi ukuta unaogawa vyumba huishia kwenye dari, kwa hiyo sauti hupita juu ya jipsamu na kushukia kwa jirani. Besi ndiyo inayosafiri zaidi, na ni sababu nyingine ya kuchagua inchi tano. Baada ya saa tatu usiku tumia hedifoni. Zilizofunika sikio lote, kama Audio-Technica ATH-M40x, zinafaa, na GT-1 inaendeshwa pia na betri nne ndogo za AA, kwa hiyo hata umeme ukikatika mazoezi hayakatiki.

Sikio lina tabia moja itakayokusumbua kanisani usipoijua. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kwa udhaifu kuliko sauti za kati. Ndiyo maana pachi unayoitengeneza chumbani kwa sauti ya chini huongezewa besi hadi ikapendeza, kisha Jumapili, kwa sauti kubwa, ikafunika gitaa la besi na kinanda. Hifadhi nakala mbili za kila pachi: ya nyumbani, na ya ibada ambayo besi yake imepunguzwa na sauti za kati zimeinuliwa kidogo. Hiyo ya pili irekebishe wakati wa mazoezi ya kwaya, vyombo vyote vikipiga.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha mgongoni kabla ya kulipa. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, na spika zilizoletwa kutoka Marekani huenda zikawa za volti 120 tu, ambazo zitaungua siku ya kwanza. Nyingine hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, nazo hazina shida. Weka stabilaiza, chomeka prosesa na spika zote kwenye ekstensheni moja ili kupunguza mvumo wa hezi 50, na usikubali fundi yeyote akate pini ya athi ili kuondoa mvumo huo, kwa kuwa pini hiyo inalinda uhai wako. Kuanzia Desemba hadi Aprili, radi zikianza, chomoa kila kitu. Kiangazi, upepo na vumbi vya Dodoma vikivuma, zifunike spika kwa kitambaa baada ya kupiga.

Ukienda kununua, iwe hapa mjini au Kariakoo, beba gitaa na GT-1 yako. Mwombe muuzaji awashe spika bila kuchomeka chochote, usogee mita moja, usikilize. Mvumo ukisikika waziwazi kwa umbali huo, utakukera kila usiku. Kisha piga ile ngazi ya noti mojamoja kuanzia E nene, usikilize kama kuna mkwaruzo au mtikisiko wa boksi kwenye noti yoyote. Kwa spika iliyotumika, pitisha kidole taratibu kwenye mpira unaozunguka wufa, maana joto na ukavu huupasua, na mpasuko mdogo usioonekana kwa mbali ndio unaoleta mkwaruzo kwenye noti za chini.